Shamba Nililoliandika Kichaka

Shamba la mjomba wangu nililifuta mimi. Nililifuta asubuhi, nimekaa kwenye kiti cha kuzunguka katika ofisi moja Dar es Salaam, feni ikivuma, kikombe cha chai pembeni, na nilipomaliza niliendelea na picha iliyofuata. Nimejaribu mara nyingi kulisimulia jambo hili kwa namna itakayonifanya nionekane sikujua. Haiwezekani. Nilijua.

Mimi ni mhandisi. Nalisema hilo mapema kwa sababu karibu kila aliyehusika na habari hii aliniita "huyu binti". Nimezaliwa Bagamoyo, mama yangu ni fundi cherehani, na tangu nikiwa darasa la tano nilitaka kutengeneza vitu vinavyoruka. Hakukuwa na mtu wa kumuuliza ndege inakaaje juu, kwa hiyo nilikuwa nauliza watu wasiojua na kukasirishwa na majibu yao. Chuoni nilisoma uhandisi wa mitambo, kwa kuwa wa ndege haukuwepo, halafu mambo ya ndege nikajifunza mwenyewe kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Mambo ya akili mnemba nilijifunza hivyo hivyo, usiku na mchana, hadi wenzangu wa bwenini wakanichoka.

Mwaka wa mwisho nilitengeneza ndege ndogo isiyo na rubani, mabawa yake upana wa mikono yangu miwili nikiinyoosha. Niliichonga kwa yale maboksi meupe mepesi ambayo wachuuzi hupakia samaki na barafu. Iliruka, ikapiga picha, ikarudi. Nilitaka siku moja ndege ya aina hiyo ijue inachokiona. Mjomba wangu alikuwa amepoteza minazi mingi kwa ugonjwa, na kila mara aligundua makuti yakiwa yameshakauka. Niliwaza kwamba ndege ikipita juu ya shamba mara moja kwa wiki, na kompyuta ikifundishwa kusoma zile picha, mkulima angeambiwa mapema ni mnazi upi umeanza kuugua. Mwalimu aliyenisimamia alisema ni kazi nzuri sana, akaniuliza kama nimefikiria kufundisha sekondari.

Kazi niliyoipata baada ya mwaka mzima wa kutafuta haikuwa ya ndege. Kampuni moja ilikuwa inaandaa picha za setilaiti kwa ajili ya kufundishia mashine. Kwenye tangazo waliandika "mhandisi wa data" na mimi nikafurahi. Kufika, tulikuwa vijana kama thelathini, wote tuna shahada, tumepangwa kwenye meza ndefu, kila mtu na kompyuta yake. Unaletewa kipande cha picha ya ardhi iliyopigwa kutoka angani. Unazungushia mstari kila kilichomo, halafu unakipa jina: nyumba, barabara, maji, shamba, kichaka. Mashine inazitazama picha zako kwa maelfu, inajifunza, mpaka inafika siku inaonyeshwa picha ambayo hakuna mtu aliyeigusa, nayo inasema yenyewe kwamba hapa ni shamba na hapa ni kichaka.

Tulipewa mwongozo. Ulisema shamba ni eneo lenye mistari au mipaka iliyonyooka inayoonekana kutoka juu, na miti iliyochanganyika isiyo na mistari ni kichaka. Aliyeandika maneno hayo hakuwahi kukanyaga shamba la pwani. Kwetu mtu anapanda minazi, chini yake mihogo, katikati mbaazi, pembeni mikorosho ya baba yake, na mchungwa pale ulipoota wenyewe akauacha. Ukitazama kutoka juu huoni mstari hata mmoja. Unaona kijani.

Nilimweleza msimamizi wetu. Alikuwa kijana mwenzangu, mpole, aliyesoma chuo kilekile miaka mitatu kabla yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema nina hoja, akasema mwongozo umetoka kwa mteja na mteja haulizwi. Kisha akanipa biskuti. Nakumbuka ile biskuti kwa hasira kuliko mambo mengi makubwa zaidi.

Vipande vya picha havikuwa na majina ya mahali, vilikuwa na namba tu. Lakini mtu hahitaji jina kutambua kwao. Asubuhi hiyo nilifungua kipande nikaona kijito kilichokunja kama kiwiko, nikaona paa la shule lenye upande mmoja wa mabati mapya unaong'aa, na kusini yake lambo dogo ambalo mjomba alilichimba kwa jembe msimu mzima. Kando ya lambo ilikuwepo mikorosho mitatu mikubwa yenye makaburi ya babu na bibi chini yake. Nilitabasamu peke yangu. Nilimwita dada aliyekaa jirani yangu nikamwonyesha. Nilichora mpaka wa shamba lile polepole, kwa kufuata njia ya miguu inayotenganisha shamba lake na la jirani, kwa uangalifu ambao sikuwahi kuutumia kwa shamba la mtu mwingine, kisha nikaandika: shamba.

Haikupita saa moja kikarudi na alama nyekundu. Nilikituma tena na maelezo mafupi kwamba hili ni shamba na mwenyewe namfahamu. Kikarudi tena. Kipande kikirudi mara ya tatu, jina lako linaingia kwenye orodha ya wanaohitaji kufundishwa upya, na ukiingia kwenye orodha hiyo mara mbili unaambiwa kesho usije. Nilishamwona msichana mmoja akikusanya chaja yake na kanga yake ya kujifunika na kutoka bila kuaga. Mara ya tatu niliandika kichaka. Kikawa kijani.

Kuogopa ninajisamehe, watu huogopa. Ninachoshindwa kujisamehe ni kwamba baada ya pale sikubishana tena. Mwezi uliofuata nilitangazwa wa kwanza kwa usahihi na wenzangu wakanipigia makofi. Usahihi maana yake nilikuwa naandika kichaka haraka kuliko wao.

Mwaka haukuisha, mama akanipigia simu. Alisema watu wamekuja kijijini kwa mjomba, wamechomeka vigingi vyenye rangi nyekundu, kimoja kati ya lambo na makaburi. Mjomba mwenyewe si mtu wa kupiga simu. Ni kaka yake mama wa kuzaliwa, mtu wa maneno machache, na ukimkuta akiongea sana ujue anaongea na mbuzi wake. Niliomba ruhusa ya siku mbili nikaenda. Kijiji chake kiko kaskazini ya Bagamoyo, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa pikipiki kutoka mjini.

Nilifika siku ambayo wanakijiji waliitwa kwenye ofisi ya kijiji kuonyeshwa ramani. Kampuni fulani ilikuwa inatafuta eneo la kujenga maghala, na ilikuwa inaomba ipewe sehemu ambayo haitumiki. Kijana aliyeleta ramani alikuwa na viatu vya buti safi kabisa. Alieleza kwa adabu kwamba hakuna anayenyang'anywa shamba, kwa sababu eneo linaloombwa halijaendelezwa, na akaonyesha kwa kalamu sehemu yote iliyopakwa rangi ya kahawia. Mjomba alisimama akasema amezaliwa ndani ya hiyo kahawia. Watu walinung'unika kumuunga mkono.

"Mzee wangu, ramani hii haikuchorwa na mtu," yule kijana alisema. "Mtu anaweza kupendelea. Hii imechorwa na akili mnemba. Haina mjomba wala shangazi."

Baadhi ya watu walicheka kidogo, kama mtu anavyocheka asipotaka kuonekana mshamba. Mimi nilikuwa natazama ile rangi. Ilikuwa kahawia ileile, imepauka kidogo, tuliyokuwa tukiitumia ofisini kwa kichaka, na pembeni mwa ramani, kwa herufi ndogo, zilikuwepo namba zilizopangwa kama namba za vipande vyetu. Nilisogea mpaka mbele nikazisoma. Ya kile kipande cha mjomba ilikuwemo. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya ofisi, penye tangi la maji, nikashika bomba kwa nguvu mpaka viganja vikauma. Nilitaka kumrudia yule kijana na kumwambia mashine yake ina mjomba, na mjomba huyo amekaa benchi la pili amevaa kofia. Sikuenda. Nilikuwa bado na kazi Dar.

Mjomba nilimfuata jioni ile kabla jua halijazama. Alikuwa anafua nazi kwenye kifuo uani kwake, anazikita kwenye ile ncha na kuzivua makumbi moja baada ya nyingine. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za mjini. Nilimwambia ile ramani naijua, nikamweleza kazi yangu ilivyo, tangu mwanzo, mpaka kile kipande. Hakunikatiza. Nilipofika mwisho alisimamisha mikono.

"Ulipoiona hiyo picha, ulijua ni hapa?"

"Nilijua, mjomba."

"Makaburi uliyaona?"

"Niliyaona."

"Ukaandika pori."

Nilianza kumweleza habari ya kurudishiwa mara mbili, ya orodha, ya kuambiwa usije.

"Nimekuuliza uliandika nini."

"Niliandika kichaka."

Alichukua nazi nyingine akaikita kwenye kifuo. Alifua nazi tatu, kisha akaniambia niende ndani kwa mkewe nikale. Asubuhi nilimwambia shikamoo, akasema marahaba, akaishia hapo. Tangu nizaliwe, mjomba wangu hajawahi kuniitikia bila kuongeza "hujambo, mama?" Ni maneno mawili tu. Ningependa angenipiga.

Nilirudi Dar nikaingia moja kwa moja kwa msimamizi. Nilimwambia picha tulizochora zimetumika kuonyesha kwamba watu hawana mashamba, na kwamba nataka tuandike barua kwa mteja kusahihisha. Alifunga mlango. Alinikumbusha kwamba nimesaini karatasi ya kutunza siri. Alisema sisi hatukuchora ramani yoyote, sisi tulifundisha mashine, mteja ameiuza mashine kwa mwingine, na huyo mwingine ndiye aliyetengeneza ramani, kwa hiyo hata akitaka kuandika barua hajui aiandike kwa nani. Alikuwa anasema kweli, na ukweli wake ulinipandisha hasira zaidi. Nilimwuliza kosa ni la nani. Aligeuza kompyuta yake upande wangu. Kipande chetu kilikuwa pale, na jina langu, na saa, na alama ya kijani.

"Kama ni kosa, limeandikwa jina lako," alisema.

"Ulitaka nifanye nini?"

"Ulichofanya. Ndiyo maana ulikuwa bora."

Sijawahi kutamani kumpiga mtu kama nilivyotamani wakati ule. Nilichukua mkoba wangu na kikombe changu nikaondoka. Kwenye ngazi nilikumbuka nimesahau mwamvuli, na nikaona heri mvua inilowanishe maisha yangu yote kuliko kurudi mle ndani.

Mkutano mkuu wa kijiji, ambao ungekubali au kukataa, ulikuwa umebakiza wiki tatu. Ndege yangu ilikuwa juu ya kabati la mama, imefungwa ndani ya kanga kuukuu. Niliishusha, nikabadilisha betri na kamera, nikaomba kibali cha kuirusha, maana kurusha bila kibali kungewapa watu wale sababu ya kukataa kila nitakacholeta. Mtu aliyepokea fomu yangu aliniuliza rubani ni nani. Nikasema mimi. Mwenye ndege? Mimi. Aliyeitengeneza? Aliinua macho akaniuliza kama sina kaka. Nilimwambia kaka ninaye, ni mwalimu wa Kiswahili, anaogopa hata feni ya dari. Aliandika. Kibali kilikuja siku sita kabla ya mkutano, na siku hizo zote za kungoja nilikuwa nimekaa na kompyuta mezani kwa mama, katikati ya vitambaa, naifundisha mashine yangu mwenyewe kutambua kilele cha mnazi kutokea juu. Mama alikuwa akishona huku ananitazama. Aliniuliza mara moja tu kama hii mashine nayo itamwonea mtu. Nilimjibu vibaya, kisha nikamwomba radhi, kwa kuwa lilikuwa swali la haki.

Asubuhi ya kurusha, mjomba hakutoka nje. Nilisimama kwenye uwazi kando ya lambo, nikaitupa ndege, ikapanda vizuri, na upepo wa baharini ukaipiga ubavuni ukaitia ndani ya mkorosho. Nilisikia bawa likivunjika. Nilikaa chini nikaanza kutukana. Nilimtukana msimamizi, mteja, aliyeandika mwongozo, upepo, na mimi mwenyewe, kwa sauti, nikidhani niko peke yangu.

Mjomba alikuja na ule mti mrefu wa ndoano anaoangushia machungwa. Aliitoa ndege mtini taratibu, akaidaka kwa mkono mmoja, akashangaa wepesi wake. Aliigeuza akainusa.

"Hili si boksi la samaki?"

Nikasema ndilo. Alikwenda ndani akarudi na fagio la chelewa la mkewe, akachomoa vijiti kumi na kitu, akavipanga juu ya bawa lililovunjika na kunionyesha kwa kidole pa kutia gundi. Tulilifunga kwa uzi wa kushonea aliokuwa amenipa mama. Ndege ikawa imepinda kidogo kama mtu aliyelala vibaya. Nilingoja upepo utulie, nikairusha tena, na mara hii ikakaa juu, ikaenda na kurudi juu ya shamba lote na mashamba ya majirani wawili mpaka ukingoni mwa kijito. Ng'ambo ya kijito sikuthubutu kuipeleka. Bawa lisingestahimili upepo wa kule.

Mashine yangu ilihesabu minazi themanini na tatu kwa mjomba. Nilikwenda kumwonyesha, nikiwa na fahari kidogo, sikatai. Alitazama kioo cha kompyuta kwa muda mrefu. Alisema imesahau minne iliyofunikwa na mikorosho, na huu hapa inaouita mnazi si mnazi, ni mvumo, unaofanana nao tu ukitazamwa kutoka juu. Basi tukatoka, tukazunguka shamba lote kwa miguu, yeye mbele mimi nyuma na kompyuta mkononi kama sinia, akinionyesha kila mti na mimi nikisahihisha. Alijua kila mmoja. Huu aliupanda mwaka aliooa. Huu uliwahi kupigwa radi. Hapa palikuwa na minazi sita, ugonjwa ukaichukua yote, akapanda mihogo.

Hapo ndipo hasira yangu ilipobadilika. Mpaka siku hiyo nilikuwa nimekasirika kama mtu aliyekamatwa. Sasa nilikuwa naona jinsi kazi yenyewe ilivyokuwa rahisi. Alasiri moja tu, na mtu mmoja wa kuuliza, na mwongozo ule ungeandikwa sawasawa. Walikuwa na setilaiti, walikuwa na kompyuta zinazokula umeme wa mtaa mzima, walikuwa na wahandisi thelathini mezani, na hakuna aliyeona haja ya kumwuliza mkulima shamba ni nini. Na kati ya wale thelathini alikuwepo mmoja aliyekuwa na namba ya simu ya mkulima.

Mkutano ulifanyika darasani shuleni. Nilikuwa nimezichapisha zile picha Bagamoyo kwenye duka la kutoa fotokopi, karatasi nyingi tulizoziunganisha na mama kwa selotepu mpaka zikawa kubwa kama shuka, nikazibandika ubaoni. Watu walisogea. Walianza kuonyeshana nyumba zao, vyoo vyao, ng'ombe wa fulani. Yule kijana wa buti alitazama kwa heshima, akasema ni picha nzuri, lakini akauliza zimethibitishwa na nani, kwa kuwa aliyezipiga ni ndugu wa mwenye madai. Ramani yao, alisema, imetoka kwenye mfumo usio na upande.

Nilikuwa nimeazimia kuongea kwa utulivu. Sauti iliyotoka haikuwa ya utulivu.

"Huo mfumo nimeufundisha mimi," nilisema. "Hapo penye kahawia niliandika shamba mara mbili, nikarudishiwa. Mara ya tatu nikaandika kichaka ili nisifukuzwe. Umesema ramani yako haina mjomba. Inaye, ndiye huyu hapa. Na mimi ndiye niliyemfuta."

Nilijua nimevunja ile karatasi niliyosaini, mbele ya watu wasiopungua mia, na mmoja wao alikuwa anarekodi kwa simu. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mzima mwenye sauti ya taratibu, aliniuliza nirudie kazi niliyokuwa nikifanya. Nikarudia. Akamgeukia yule kijana.

"Kwa hiyo mwalimu wa mashine anasema mwanafunzi wake amekosea," alisema. "Wewe unasemaje?"

Kijana alisema anahitaji kuwasiliana na ofisi. Mwenyekiti akasema awasiliane, na kabla ya kura yoyote mipaka ipitiwe kwa miguu, kila mwenye shamba asimame kwenye shamba lake. Mjomba alikuwa amekaa na kofia yake mapajani. Hakunitazama.

Mipaka ilipitiwa kwa siku mbili. Shamba la mjomba likatolewa kwenye kahawia, na mashamba ya majirani wote mpaka kwenye kijito. Vigingi viling'olewa. Ng'ambo ya kijito yalikuwepo mashamba mawili. Mwenye la kwanza alisimama kwake akaonyesha mihogo yake, likatolewa pia. La pili lilikuwa la bibi mmoja mjane aliyekuwa Lugoba kwa binti yake akitibiwa macho. Hakuwa amelilima msimu mzima. Majani yalikuwa yamepanda mpaka kiunoni chini ya mikorosho, na wapitaji mipaka walisimama pale, wakaita, hakuna aliyeitika. Waliandika kichaka. Waliliandika kwa kalamu, kwa mkono, wakiwa wamesimama ndani yake. Mimi nilikuwa ng'ambo kwa mjomba nakunywa maji, nimechoka, nimeridhika. Niliambiwa wiki ile ilipokwisha, kura ikiwa imeshapigwa na kampuni imeshakubaliwa sehemu yote iliyobaki kahawia.

Baadaye nilipokea barua pepe kutoka kwa watu niliowajua kwa jina la "mteja" tu. Walikuwa wamesikia. Waliandika kwa ukarimu mwingi, wakasema kazi yangu ya kutambua mashamba yaliyochanganyika imewavutia, na wangependa nijiunge nao kuboresha mfumo. Niliwajibu kwamba waanze kwa kusahihisha ramani ng'ambo ya kijito. Walijibu siku iliyofuata. Ramani, walisema, ni ya aliyenunua mashine na ilishakabidhiwa, kwa hiyo kazi hiyo imefungwa. Kulikuwa na alama ya tabasamu mwishoni. Niliifuta barua ile, kisha nikaitafuta kwenye takataka nikairudisha, kwa sababu nilitaka kuwa na ushahidi kwamba mtu aliniandikia hivyo.

Siku hizi natengeneza mashine za kutotolea vifaranga kwa wafugaji wa Kerege, na Jumamosi narusha ndege kwa kijiji chochote kinachoniita, mradi kibali kimepatikana. Nimeijenga upya, bawa refu zaidi. Mashine yangu sasa inatofautisha mnazi na mvumo, na nimeifundisha kwa kutembea na wenye mashamba, mmoja mmoja. Ijumaa moja nilifika kwa mjomba baada ya sala, nikamwamkia. Alikuwa anafunga mbuzi.

"Marahaba. Hujambo, mama?" alisema, bila kugeuka.

Nilimshikia kamba ya mbuzi, nikasema sijambo.

Ni yeye aliyesema twende Lugoba. Tulimkuta yule bibi barazani kwa binti yake, jicho moja limefunikwa pamba. Nilimweleza yote. Alisikiliza, halafu akauliza ni nani aliyesema shamba lake ni pori. Nikaanza kumtajia: mwongozo, mteja, mashine, aliyenunua mashine, waliopitia mipaka, mkutano. Alininyooshea kiganja ninyamaze.

"Mwanangu, hao siwajui. Nitajie mtu mmoja nimuulize."

Sikuwa naye. Ofisi ile ya Dar ilishahama, kibao kimeondolewa, na simu haipokelewi. Mteja hana mlango katika nchi hii. Mashine haina uso. Kijana wa buti amehamishiwa kwingine. Katika msururu wote huo, mtu pekee ambaye bibi yule angeweza kumkalisha mbele yake alikuwa mimi, na nilimwambia aniulize mimi.

Akaniuliza. Aliuliza mpaka adhana ya alasiri, na hakuwa mpole. Aliuliza kama nimewahi kubangua korosho. Aliuliza huo mwongozo uliandikwa kwa lugha gani. Aliuliza kwa nini siku ya kupitia mipaka sikuvuka kijito. Mwishoni alisema jicho likifunguliwa atakwenda mwenyewe kwenye ofisi ya ardhi, na mimi nitakwenda naye, nikayaseme maneno yaleyale mbele ya watu wa huko.

Tunakwenda Alhamisi ijayo. Barua ya wakili kuhusu ile karatasi ya siri imeshafika kwa mama. Bado sijaifungua.